Nguzo Mbele ya Nyumba ya Mama Muchiri

Kipkelion,
20 Januari 2025

Kwa Mama Muchiri, nimkumbukaye kwa heshima,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu, nikitumaini kwamba salamu hizi zitakukuta u mzima wa mwili na wa moyo, wewe pamoja na mwanao Muchiri, mkaza mwanao, na yule mjukuu aliyekuvusha bahari. Mimi nipo, namshukuru Mungu, isipokuwa goti la kushoto, ambalo hunisema kila nipandapo kilima cha kanisani.

Niruhusu kwanza niombe radhi. Barua yako ya Novemba ilinifikia kabla ya Krismasi, nami sikuijibu hadi leo. Sina udhuru wa kutosha. Niliandika majibu, nikayachana, nikaandika mengine, maana kila nilichokiandika kilionekana kifupi mno, au kirefu kuliko inavyomfaa mzee wa kanisa kumwandikia mama wa watu. Naomba unisamehe.

Boma lako li salama. Chelimo anachuma majani yako ya chai kila zamu na kuyafikisha kituoni yangali mabichi. Ng'ombe wako Karembo anakamuliwa vizuri, ingawa amekuwa na kiburi tangu uondoke, na hakubali kusimama mpaka aitwe kwa sauti ya mwanamke. Nguzo ya lango lako imeoza chini. Nimeifunga kwa kamba kwa muda, nami nimemwomba fundi Ratemo aje aisimike nyingine, lakini bado ananizungusha. Naomba radhi kwa kamba hiyo. Najua haipendezi.

Sasa kuhusu mahali ulipo. Wamishonari walitufundisha jiografia kwa bidii, nami ningali naweza kuchora maziwa makubwa ya Amerika bila kutazama kitabu. Hakuna hata hivyo aliyetueleza jinsi watu wa mashambani huko wanavyotawalana. Je, chifu wao ni nani? Nani huitisha baraza? Naona umemtaja Bwana Amundson pengi katika barua yako. Umesema ni Mwenyekiti. Kisha ndiye aliyesukuma theluji kutoka njiani kwenu. Kisha ndiye aliyekuletea mayai. Niwie radhi kwa udadisi wangu, lakini je, ni desturi ya Mwenyekiti wa huko kuwapelekea wakazi wote mayai?

Barua hii nimemkabidhi Bi. Nyaberi, muuguzi, ambaye likizo yake imekwisha na anarudi kazini Minnesota. Ataitia posta akishatua. Simu, kama ujuavyo, hunipigia kelele sikioni bila kuniambia neno.

Wako kwa heshima,
Jackton Amolo

*

Lindgrove, Minnesota,
16 Machi 2025

Kwa Karani,

Salamu nyingi, na pole ya goti. Lipake ile dawa niliyokuachia, usijifanye kijana. Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imelegea. Unaniandikia kama unamwandikia Mkuu wa Wilaya! Lakini sawa, nimekuzoea.

Unauliza chifu wao ni nani. Hawana chifu. Ngoja nikuchoree. Chukua karatasi, pima maili sita huku na maili sita huku, upate mraba. Hiyo ndiyo Lindgrove, wao wanaiita taunshipu. Ni kama lokesheni moja kwetu, ila isiyo na chifu wala naibu wake. Huo mraba wameukata tena vipande thelathini na sita, kila kipande maili moja kwa maili moja, na kwenye kila mstari kuna barabara ya changarawe iliyonyooka kama mshono wa cherehani. Hakuna kilima, Karani. Hakuna hata mahali pa kuegemeza macho. Jirani akitoka kwake unamwona, unasonga ugali, unaiva, unapakua, na bado hajafika. Sisi tuko kipande cha kumi na saba. Mtu akiniuliza ninakaa wapi, nataja namba kama gunia la mahindi. Ni kona moja tu ya kaskazini mashariki yenye mto, na huo mto umekataa mambo ya mraba, unapinda unavyotaka. Huko ndiko ninakopenda kupelekwa.

Serikali yao ni wakulima watatu waliochaguliwa na majirani, pamoja na mweka hazina na karani. Ndiyo, wana karani! Ni mama mnene mwenye miwani. Nilimwambia mimi pia nina Karani wangu nyumbani, akacheka sana. Kazi yao ni barabara, mitaro, makalvati na makaburi ya zamani. Basi. Na hawaketi ofisini. Theluji ikianguka, Mwenyekiti mwenyewe anapanda trakta alfajiri kusukuma barabara za watu. Ndiye huyo Bwana Amundson. Na mayai anayo mengi, kuku wake hawajui kupumzika.

Sasa sikia. Jumanne iliyopita ulikuwa mkutano wao wa mwaka. Kila Machi wakazi wote wanaingia kwenye ukumbi wa mbao mdogo kama darasa la nasari, wanakaa kwenye viti vya kukunja, na wanaamua kwa kuinua mikono kodi ya barabara iwe kiasi gani. Hakuna mheshimiwa wa kungojewa mpaka saa nane. Hakuna hema, hakuna wacheza ngoma. Wamevaa makoti yao ya shambani, wanabishana juu ya changarawe, wanainua mikono, imekwisha.

Lakini hawana chai! Kahawa yao unaweza kuona kitako cha kikombe. Mimi nilikuwa nimebeba thamosi yangu. Muchiri alikuwa ameniambia, "Mami, tafadhali, usiniaibishe." Nikamwambia, nyamaza, wewe ulinyonya na kucheua mbele ya kanisa zima na sikuaibika. Ile chai uliyonifungia siku ya kuondoka niliichemsha na maziwa na tangawizi. Bwana Amundson alikunywa kikombe, akaomba kingine, akaomba kingine. Akauliza, "Hii inatoka wapi?" Nikamwambia inatoka mbele ya nyumba yangu. Akaondoa kofia.

Halafu nikaona wanataka kuanza bila maombi. Nikainua mkono. Muchiri akajikunja kwenye kiti. Bwana Amundson akawaambia watu kwamba mimi si mpiga kura, lakini kama hakuna anayepinga, mama azungumze. Hakuna aliyepinga. Niliwaombea barabara zao, ng'ombe wao, na mvua, na nikamalizia kwa Kikuyu kwa sababu Kiingereza kiliniishia. Walisimama wote. Kabla hatujamaliza mkutano Muchiri aliitwa kazini kwenye kiwanda, kwa hivyo Mwenyekiti ndiye aliyenirudisha na pikapu yake. Naye ni mgane kama wewe. Mkewe alikufa miaka minne iliyopita. Ni mtu wa maneno machache, lakini anasikiliza.

Jambo lingine dogo. Muchiri ameniombea muda zaidi, nitakaa mpaka Septemba. Hawajapata wa kumwachia mtoto.

Na ile nguzo ya lango, mbona umngoje Ratemo? Wewe una mikono na jembe.

Barua anabeba Kepher, kijana wa kwenu ziwani anayefanya kazi na Muchiri. Anakwenda kumzika babu yake, na amesema atapita Kipkelion.

Ni mimi,
Wangeci

*

Kipkelion,
22 Aprili 2025

Kwa Mama Muchiri mpendwa,

Salamu za Pasaka, na za mvua, ambayo imefika kwa nguvu na kuyafanya majani yachipue kuliko mikono ya kuyachuma. Naomba radhi kwa kuchelewa tena. Kijana Kepher aliifikisha barua yako kwa uaminifu, akala kwangu, akaenda zake. Kosa la kuchelewa si lake.

Nimeelimika mno na maelezo yako. Nimeuchora ule mraba wa maili sita na kuugawa vipande vyake vyote, na kipande cha kumi na saba nimekitia alama. Naomba unisaidie kwa jambo moja la kijiografia. Nyumba ya Bwana Amundson iko kipande gani? Nauliza ili ramani ikamilike.

Nimefurahi kwamba chai imempendeza. Vikombe vitatu si haba. Nilikuwa nimeichagua mwenyewe kiwandani nilikokuwa karani, kutoka kwa wenzangu wa zamani, na kuifunga kwa ajili yako, kwa kuwa ulisema huwezi kuanza siku bila chai ya nyumbani. Lakini chai ni ya kunywewa, na mgeni ni mgeni, ingawa katika jambo hili nadhani mgeni ulikuwa wewe.

Kwa upande wa utawala, ningependa kufahamu iwapo uenyekiti huo una kikomo, au mtu hushika kiti mpaka afe. Tena, iwapo Mwenyekiti huwarudisha nyumbani wakazi wote baada ya mkutano, au hufanya hivyo kwa zamu. Ningependa pia kujua umri wake, kwani umri wa viongozi huathiri utendaji. Na kama ni mtu wa kanisa, ni la dhehebu gani? Haya yote ni kwa manufaa ya elimu tu.

Huenda utapenda kusikia kwamba mimi nami sasa ni Mwenyekiti. Kamati ya kituo chetu cha kupokea majani ilikuwa imebaki bila kiongozi, nami, baada ya kusoma habari za Lindgrove, nikajitokeza. Jonah, ambaye njia ya mtoni inapita shambani kwake, alijitokeza pia. Nilishauri tupige kura kwa kuinua mikono, kama wafanyavyo huko. Wakulima wakatazamana. Mzee mmoja akasema, "Karani, nikiinua mkono mbele ya Jonah, kesho ng'ombe wangu atapita wapi kwenda kunywa maji?" Tukapiga kura kwa siri, kwa kupanga punje za mahindi nyuma ya ghala, nami nikashinda.

Kikao changu cha kwanza kilihusu barabara ya kituo. Niliwaeleza kwamba kuna mahali ambapo Mwenyekiti mwenyewe hupanda trakta. Gachanja, yule wa duka la mabati, akanyanyuka.

"Karani, tangu lini umekuwa mtu wa Amerika?"

"Natoa mfano tu, Bwana Gachanja."

"Mfano unautaja kila wiki! Huyo mzungu amekuibia nini?"

Watu wakacheka sana. Nilicheka pia, kwa adabu.

Septemba ni mbali. Sisemi hivyo kulalamika. Mjukuu ana haki yake.

Kuhusu nguzo ya lango, Ratemo ameahidi tena. Naomba uniwie radhi. Sababu ninazo, ila si za kuandikwa.

Mchungaji wetu anakwenda Nairobi kwenye mkutano wa sinodi, naye ndiye atakayeitia barua hii posta kuu.

Wako kwa heshima,
Jackton Amolo
Mwenyekiti, Kamati ya Kituo

*

Kipkelion,
19 Mei 2025

Kwa Mama Muchiri,

Salamu.

Naomba radhi kwa kukuandikia kabla ya kupokea jibu lako, lakini jambo lenyewe halingojei zamu.

Jumamosi binti yangu Quinter alifika kunitazama. Baada ya chakula alinionyesha simu yake, akifurahi, akasema, "Baba, tazama Mama Muchiri alivyopendeza." Ilikuwa picha aliyoiweka Muchiri mtandaoni. Umesimama mbele ya nyumba, umevaa ile kofia ya sufu. Kando yako yupo mwanamume mrefu mwenye jembe la kuchimbia mashimo. Katikati yenu kuna nguzo mpya, imekwisha kusimikwa, na udongo ungali mbichi. Mkono wake uko juu ya nguzo. Mkono wako nao uko juu ya nguzo.

Nikamwambia Quinter picha ni nzuri. Nikatoka nje.

Wewe ni mtu wa milimani, na huenda hukuwahi kuambiwa. Kwetu ziwani mwanamume hasimiki nguzo katika boma la mjane hivi hivi. Mume akishafariki, yule atakayechimba shimo na kumsimikia mama huyo nguzo ndiye aliyeichukua nafasi ya marehemu. Hahitaji kusema neno. Wapitao njiani wataona, na wanaume wengine wote wataondoa miguu yao hapo. Mimi nililelewa na wamishonari, na nimepata kulikemea jambo hili nikiwa madhabahuni. Lakini nilipoiona nguzo ile mwili wangu ulielewa kabla ya akili. Hiyo ndiyo sababu niliyosema haiandikiki. Nimeogopa kuigusa nguzo ya lango lako miezi yote hii, nikimsihi fundi kutoka Kisii aje aisimike kwa malipo, asije mtu akasema Amolo amejichukulia bila kuulizwa. Bwana Amundson hakuogopa.

Simlaumu. Pengine ndivyo mambo yanavyotendeka katika kipande cha kumi na saba.

Kwa hiyo najiuzulu, kwa heshima zote, kazi ya kuangalia boma lako. Si vema mwanamume mwingine aonekane akiingia na kutoka. Funguo zako nimempa shemeji yako Njuguna mbele ya Chelimo. Karembo ni mzima. Majani yamechumwa. Kamba ya langoni nimeiacha ilivyo.

Nakutakieni nyote wawili baraka za Mungu.

Barua hii inachukuliwa na Quinter, ambaye hajui kilichomo, hadi posta ya Kericho.

Jackton Amolo

*

Lindgrove,
8 Juni 2025

Karani!

Nimekaa chini nikasoma, nikasimama nikasoma, halafu nikamwambia mkaza mwanangu achukue mtoto nisome tena. Sijui kama kilichonishika kilikuwa hasira au kicheko.

Ile ni nguzo ya sanduku la barua!

Huku kila nyumba ina sanduku la bati kando ya barabara, juu ya nguzo, na mtu wa posta anatia barua bila kushuka garini. Februari Bwana Amundson alikuwa akisukuma theluji akaligonga letu likaruka mpaka mtaroni. Sheria ya taunshipu inasema trakta ya taunshipu ikivunja nguzo ya mtu, taunshipu inasimika nyingine. Hata karani wao ameiandika kwenye kumbukumbu. Lakini ardhi ilikuwa imeganda kama jiwe, kwa hivyo tulikaa na sanduku ndani ya ndoo ya mawe mpaka Mei. Ardhi ikalainika, akaja akachimba. Alisimika kwetu, akasimika kwa jirani wa kipande cha kumi na nane, akasimika kwa mabwana wawili ndugu ambao hawajaoa. Je, na hao amewaoa? Mikono yetu ilikuwa juu ya nguzo kwa sababu Muchiri alisema, "Mami, shikilia hapo nipige picha." Barua zako mwenyewe ndizo zinazotiwa kwenye hilo sanduku, ewe mtu!

Na umempa Njuguna funguo. Njuguna! Yule alitaka kupanda viazi kwenye chai yangu kabla matanga ya ndugu yake hayajaisha. Nimempigia simu nikamwambia amrudishie Chelimo funguo siku hiyo hiyo. Akaniuliza, "Ni kweli umeolewa na mzungu?" Kwa hivyo mtaa mzima unajua nimeolewa, isipokuwa mimi.

Eti unajiuzulu. Kazi gani? Mimi nilikuomba uniangalizie ng'ombe. Ile kazi nyingine unayoilia hukuiomba hata siku moja. Miaka mitatu umekuja kwangu kila Jumapili baada ya ibada, unakunywa chai, unanisomea gazeti, unaniuliza kama mabati yanavuja, na unaondoka kabla ya saa kumi ili watu wasiseme. Watu wangesema nini, Karani? Hata wao walichoka kungoja.

Sasa nakuambia jambo ambalo singekuambia kama hungenikasirisha.

Hukukosea kabisa. Ulikosea nguzo tu.

Wiki iliyofuata Bwana Amundson alikuja tena, bila jembe. Alikuwa ameosha pikapu. Alinipeleka kule kwenye kona ya mto, akasimama ameshika kofia. Akasema nyumba yake ni kubwa kwa mtu mmoja na kuku. Akasema tangu ule mkutano amekuwa akijaribu kupika chai na haimtoki. Akaniuliza kama ninaweza kufikiria kubaki, si Septemba, kabisa. Ana miaka sabini na mmoja. Ni Mlutheri. Nyumba yake iko kipande cha ishirini. Hayo uliyoyauliza kwa manufaa ya elimu ndiyo hayo.

Nilimwambia nina mtu Kipkelion ambaye lazima nimwandikie kwanza. Aliuliza, "Ni mchumba wako?" Fikiria aibu hiyo. Mwanamke wa miaka sitini na minne anaulizwa swali rahisi namna hiyo na hana la kusema, kwa sababu yule mtu mwenyewe hajawahi kulisema.

Muchiri hajui. Mzungu hakumwambia, anaogopa. Wewe naye hujamwambia yeyote. Wazee wawili, mmoja huku na mwingine huko, nyote mnapitia nyuma ya nyumba.

Nitamjibu baada ya kupata jibu lako. Na usiniguse hiyo nguzo ya lango! Usinisimikie kitu, usinifungie kitu, usinitumie chai. Iache ilale. Sitaki nirudi nikute ishara ambayo mimi mtu wa milimani sina wa kunifasiria. Nataka maneno. Uyaandike kwa Kiswahili, mstari mmoja unatosha, na usiniombe radhi ndani yake.

Bi. Nyaberi anakuja tena nyumbani kwa harusi ya dada yake. Atakukabidhi mkononi, na nimemwambia asimame hapo mpaka umalize kusoma.

Wangeci

*

Kipkelion,
17 Juni 2025

Wangeci,

Rudi. Nataka nikuoe kanisani, mchana, watu wakiwa wamejaa.

Uliniomba mstari mmoja, nao ndio huo. Yanayofuata ni kwa sababu mimi ni mimi.

Nina wivu. Nimeutafutia majina mengine tangu ile barua yako ya Novemba, nikauita jiografia, nikauita utawala. Ni wivu. Namwonea wivu yule mtu kwa theluji, kwa mayai, kwa kiti cha pikapu, kwa safari ya mtoni, na zaidi ya yote kwa kuwa alisimama mbele yako ameshika kofia akatumia miezi michache kusema niliyoshindwa kuyasema miaka mitatu. Ni mtu mwema. Nimejaribu kumwombea na sala haijapita kooni.

Hana kosa, na nyumba yake bila shaka ni bora kuliko yangu. Ukimchagua, umchague kwa kuwa unamtaka, usiwe umemchagua kwa kuwa Amolo alinyamaza. Amolo hanyamazi tena.

Watu wangu watauliza kwa nini nimekwenda kuoa milimani. Nimekwisha kuwaandikia wanangu wote. Mkubwa amekasirika, mdogo amecheka, na Quinter amelia kisha akaniuliza nilikuwa nangoja nini. Watu wako nao watauliza yao. Njuguna nilimwendea jana mwenyewe. Alinifungulia, akanitazama goti, akasema, "Wewe? Mimi niliambiwa ni mzungu." Nikamwambia aliambiwa na mimi, na kwamba nilikuwa mjinga. Alinipa kiti. Hakunipa chai, lakini kiti alinipa.

Ukirudi, tutaishi kwako au kwangu, utakavyo wewe. Sitaondoka tena kabla ya saa kumi.

Barua hii utaipata kutoka mkononi mwa mwanao Muchiri. Quinter anaipiga picha sasa hivi, ukurasa kwa ukurasa, ili aitume. Muchiri nimekwisha kumpigia, sikio baya na yote, nikamwomba aisome yeye kwanza, kisha akusomee kwa sauti sebuleni, mkewe akiwapo. Akiwa na neno la kunipinga, nimemwambia alitamke kabla hajafika kwenye jina langu.

Jackton